Mistari ya Zambarau Shingoni mwa Mama

Jumamosi, 17 Agosti 1996

Nimesema mbele za watu, na sikufa.

Tangu mama ashuke kwenye treni kutoka Dar, bibi amekataa mistari ya zambarau shingoni mwake iguswe na maji. Kule hospitali walimchora, wakamwambia asiioshe mpaka amalize mionzi ya uvimbe wa shingo. Amemaliza, daktari amemruhusu kuoga, lakini bibi anaamini mistari ndiyo dawa. Mama hawezi kubishana na mama mkwe wake. Jasho linamwasha, anajipepea tu.

Leo akina mama wa jumuiya walikuja kumwona. Bibi akawaonya, "Nyie, msimguse shingo, mtaifuta dawa!"

Nikasikia sauti yangu mwenyewe. "Bibi, ile mistari ni kama chaki ya fundi cherehani. Ilionyesha mashine ipige wapi, isiunguze pengine. Kazi imeisha."

Wote wakanigeukia. Nilitamani kuingia chini ya mkeka.

"Kumbe mke mwenzangu ana mdomo!" bibi akasema, kama anavyonitania mjukuu wake siku zote, wakacheka sana, hata mama. "Haya, lete maji ya vuguvugu."

Akamwosha mwenyewe, polepole, kama anaosha kichanga. Mama alifumba macho kwa raha.

Uvimbe umebaki mdogo kama harage. Mwezi ujao atarudi kupimwa, na naogopa, ila leo...

Rangi ilipotoka, ilibaki ngozi iliyoiva kwa mionzi, nyeusi, mraba ule ule wa mistari. Bibi akaikagua, akaridhika.

"Mnaona? Dawa imeshaingia ndani."

Hapo sikumbishia. Hata mimi naomba iwe kweli.