Ukurasa wa Kusomwa na Wawili

S.L.P. 418,
Machi 14.

Mpendwa Kaka,

Habari za siku nyingi? Mgongo unaendeleaje, na wifi yangu hajambo? Huku tu wazima. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Kulia bado sijalia tangu tumzike Baba, na huu ni mwezi wa pili.

Kampuni yetu ya vitabu tunaifunga. Maktaba ya chuo itachukua vitabu vyote, nayo imeomba historia yetu, ukurasa mmoja tu. Nimeandika tulivyoanzia chumba cha nyuma, wakati hakuna aliyetaka kuchapa habari za vita, chaguzi, nyimbo na sinema za nchi za watu. Nimeandika Baba alivyokataa msaada wa chama na wa balozi, ili tusiwe mali ya mtu. Miaka thelathini na moja imeenea ukurasa mmoja, na nafasi ikabaki.

Ile kanuni yake nayo nimeiandika: hakiendi kitu mtamboni mpaka kisomwe na wawili, mmoja kwa sauti, mwingine akifuata na kalamu. Wewe ulikuwa unaziruka koma kama unafukuzwa, na Nukta, fundi wetu wa kupanga kurasa, anaziba masikio kwa pamba. Bado anayo hiyo pamba.

Tangazo la msiba wa Baba nililisoma peke yangu kabla ya kulipeleka gazetini. Nilikuwa kama gogo. Likatoka likisema ameacha mtoto mmoja. Nukta aliponionyesha nilisema, “Aa, kweli,” nikaendelea na chai yangu.

Najua ulilisoma, maana tangu siku ile hupokei simu zangu. Sikukufuta, Kaka. Nilikosea. Naona aibu, ila hata hiyo aibu naiona kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Nukta amejitolea kusoma nami ukurasa huu. Nimemkatalia. Nimeutia humu ndani ya bahasha, na nakala yake iko mezani kwangu. Maktaba wanautaka tarehe thelathini. Usipopiga simu, hautakwenda.

Nukta anakusalimu sana. Shangazi naye anasema anakuombea kila siku, na kwamba ule vizuri. Wabusu watoto. Mungu akutunze huko uliko.

Ukipiga, salamu ziache. Anza tu na mstari wa kwanza, ule unaosema Baba alikuwa na watoto wawili. Mimi nitafuata na kalamu.

Akupendaye daima,
Mdogo wako