Patasi ya Ndege Wawili

Baba,

Leo ni Jumapili. Wenzangu wameenda kanisani, mimi nimebaki huku nyumbani Kibirichia kwa sababu sikuweza kuketi kando ya Mwenda nikiimba.

Tangu tukuzike, Mwenda ndiye fundi. Alifungua karakana yako, na watu wakaanza kuleta milango na vitanda kama walivyokuletea wewe. Lakini sanduku lako la vifaa nililichukua mimi. Nililiweka chini ya kitanda changu kule Kianjai ninakofundisha. Siku nyingine nilikuwa nikilifungua nishike tu ile patasi yako yenye muhuri wa ndege wawili, pale kwenye mpini ambapo kidole gumba chako kilikuwa kimechimba mbao. Bado ilikuwa na harufu yako.

Mwenda aliniomba mara mbili. Mara ya pili alikuja mpaka shuleni. "Dada," akaniambia, "patasi hizi za siku hizi zinanisumbua. Nipe hata patasi peke yake."

Nikamjibu, "Hizo ni za Baba. Nunua zako."

Hakubishana. Unamjua.

Akaenda Meru mjini, akazunguka maduka ya karibu na soko la Gakoromone, akanipigia simu akiwa na furaha. Alikuwa ameipata ya ndege wawili, jina lileile. Alisema, "Hii ni ya Baba kabisa."

Sasa ninazo zote mbili hapa mezani. Yako ni nyeusi na nzito, umeinoa miaka yote hiyo mpaka imebaki nusu, na bado nikiipitisha kwenye ukucha inakwangua. Yake inang'aa, ina mpini wa plastiki wa manjano, na wale ndege wamepakwa rangi tu. Nimewasugua kwa kidole, wakatoka. Sijui kama ni bandia au kama wenye jina ndio waliobadilika. Wewe ungeigonga kwenye kaunta, uisikilize, umrudishie mwenye duka. Mwenda aliona jina uliloliamini, akaliamini.

Jumanne alikuwa akitoboa tundu la kufuli kwenye mlango wa muuru, ile mbao ngumu uliyokuwa ukiipenda. Alipiga nyundo, ncha ya patasi ikavunjika kama kioo, na kipande kikaruka kikamwingia jicho la kulia. Hospitalini walikitoa. Daktari akatuita kando, akasema jicho hilo halitaona tena.

Baba, hajanilaumu. Hilo ndilo linalonimaliza. Anamwambia kila mgeni kwamba alinunua vibaya. Mama alipomuuliza, "Kwani vya baba yako viko wapi?" yeye akajibu, "Vilichakaa, Mama," na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikanyamaza.

Jana nilimletea sanduku lote. Akapapasa mipini, mmoja baada ya mwingine, akasema, "Weka tu hapo, dada." Baadaye nikamwona akinyoosha mkono achukue kikombe cha chai. Mkono ukapita kando. Akajaribu tena. Nikainuka kumsaidia, kisha nikakaa, kwa sababu sikujua kama kumsaidia ni kumwonea huruma au ni kumwongezea aibu.

Sijui nifanye nini. Jicho langu haliwezi kumfaa. Kuomba nimeomba, lakini ninapofika mahali pa kutaja nilichokifanya, maneno yanakwisha. Kama ungekuwepo ungeniuliza nilikuwa namwekea nani vifaa vile.

Nasikia watu wanateremka kutoka kanisani. Mama anaongea na jirani hapo langoni, na Mwenda yuko naye.

Pumzika, Baba. Siwezi kukuahidi kwamba mambo yatakuwa sawa. Nakuahidi hili moja tu: Mama atajua ukweli kutoka kinywani mwangu, leo, kabla hajavua viatu, na Mwenda akiwa anasikia.

Mtoto wako,
Kendi