Nilimnyonyesha Yupi?

Jumatano. Joto limeikalia Bagamoyo tangu alfajiri, jani halitikisiki. Moyo wangu mzito.

Mnaonifuata mnanijua, mie sikusoma. Naisemea simu, simu inaandika, binti yangu Mwanaidi anapitia kwanza ndipo inakwenda. Leo hapitii mtu.

Saratani imeondoka, ndivyo wanavyosema. Imeondoka na ziwa langu la kushoto, na zile dripu zikachukua kichwa. Juzi nimezunguka ua mzima natafuta mbuzi ya kukunia nazi, nikamtukana jirani kuwa kaazima hajarudisha, kumbe nimetoka kuikalia sasa hivi. Tulicheka mpaka machozi. Kwenye sala sicheki. Nasimama sijui hii rakaa ya pili au ya tatu, naanza upya. Daktari kasema huwapata wengi waliotibiwa, huenda ikapungua.

Huenda.

Sasa nisikilizeni. Keshokutwa Ijumaa mwanangu wa mwisho, Hamadi, anamwoa Zuhura, binti wa marehemu Salma, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Posa nilipeleka mwenyewe, kifua mbele, hicho kilichobaki.

Salma alizaa mabinti wawili, Zaituni kisha Zuhura. Uzazi wote ulimlaza hospitali, na mara zote mbili kichanga kililetwa kwangu. Mmoja nilimnyonyesha mwezi mzima pamoja na Hamadi. Mwingine alikuja nimeshamwachisha Hamadi ziwa, nikampa maziwa ya kopo. Na kwetu hili halina mjadala: aliyenyonya kwangu ni mwanangu, ndugu wa wanangu. Ndugu haoi ndugu.

Miaka yote nimejua aliyenyonya ni Zaituni. Zuhura ni wa kopo. Ndiyo maana sikusita kuposa.

Leo asubuhi naoga, mkono umepita penye kovu, na jambo likanijia zima zima. Nimekaa mkekani, mtoto wa Salma ananyonya, Hamadi kasimama kwa miguu yake, anampiga mwenzake kichwani kwa kijiko kwa wivu. Kasimama! Zaituni alipozaliwa, Hamadi hata kukaa alikuwa hajaweza.

Basi huyo aliyepigwa kijiko ni nani?

Au aliyesimama si Hamadi, ni mjukuu, kichwa changu kimemtoa huku kikampachika kule? Hufanya hivyo siku hizi. Wa kumuuliza hayupo. Salma yuko kaburini, mamangu yuko kaburini. Nilivuka kwa baba wa Zuhura nikamuuliza kwa kuzunguka, akanijibu, "Bi Mwanahawa, mie nilikuwa mlangoni mwa hospitali. Ya ndani kwenu wanawake nitayajulia wapi?"

Nikamwambia Mwanaidi. Alikuwa anachambua mchele wa pilau.

"Mama, jana umeniita Salma mara mbili. Leo ndiyo umekumbuka ya zaidi ya miaka ishirini? Ni zile dawa. Mwache mtoto wa watu aolewe."

"Na ikiwa si dawa?"

Akarudia kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi.

Niseme kweli, nusu yangu inataka kumsikiliza. Siku za dripu, Zuhura ndiye aliyenishikia beseni nikitapika. Wanangu wa tumboni waligeuza nyuso, yeye hakugeuza. Leo wamempaka hina, nasikia vicheko vyao ukutani. Nitaingiaje mle na mdomo huu?

Lakini wakizaa je? Na mie nilikuwa najua, hata nusu?

Kesho baada ya alfajiri nakwenda kwa maalim atakayefungisha ndoa. Nitamwambia lote, na ugonjwa wa kichwa changu nitamwambia, asinichukulie mzima. Akisema shaka yangu haizuii, nitapika pilau na nitacheza. Akisema inazuia, nitamwambia Zuhura mwenyewe, uso kwa uso, si kwa kutuma mtu.

Ninachokiogopa si maalim. Naogopa kuamka kesho na furaha zangu, natafuta kanga ya kuvaa Ijumaa, na hili lote limefutika kama sijawahi kuliwaza. Mwanaidi hatanikumbusha, namjua, anampenda mdogo wake.

Kwa hiyo naliweka hapa, mbele za watu, kabla halijanitoroka. Hamadi, mwanangu, najua husoma haya. Ukiniona kesho nacheka, nikalishe chini unisomee kwa sauti, neno kwa neno.

Nikikwambia si maneno yangu, usiniamini.