Papa, Siku Ile Nilisema Jua

Papa yangu mpendwa,

Tuko tena mwezi wa nne. Asubuhi nimetoka nyumbani na jua kali, nikafika kazini nimelowa, na sasa ninapokuandikia jua limerudi na mabati ya Kadutu yanatoa mvuke. Utabiri wa kesho ni huo huo, na wa keshokutwa pia. Hali ya hewa ya kubadilikabadilika, ndivyo tunavyosema redioni. Wewe ungesema hewa ya Bukavu haijui inachotaka, halafu ungebeba sweta na mwavuli vyote viwili.

Mwaka mmoja umepita tangu sisi wanao tukuzike na kuna jambo moja ambalo sijakuomba msamaha. Nimelisema kwa padri na kwa mume wangu, wote wawili wakanifariji haraka haraka, kama mtu anayefunika sufuria isimwagike. Sitaki kufarijiwa. Nataka kulisema kwako.

Wanaonisikiliza hawajui kwamba utabiri niliousoma miaka yote ile ulikuwa wako. Karatasi tuliyotumiwa ilitoka mbali, mistari miwili kwa jimbo zima, kana kwamba Luberizi kwenye joto la uwanda na Cimpunda kwenye mteremko ni kijiji kimoja. Basi kila siku saa tano na nusu, kabla ya habari za saa sita, nilikupigia simu. Nilisikia mlango wako ukikwaruza sakafu, unatoka nje kutazama juu.

"Eeh, mama," uliniambia, maana ndivyo ulivyoniita tangu nikiwa mtoto. "Mawingu iko upande ya mulima Kahuzi. Itanyesha saa nane. Ile karatasi yao iache."

"Papa, siwezi kuacha karatasi. Direkta atanifukuza."

"Basi soma karatasi, kisha uongeze yangu pole pole."

Nikaongeza yako. Nilisoma ya karatasi, halafu nikasema wakaaji wa sehemu za miteremko wajihadhari kuanzia saa nane, na saa nane mvua ikaja. Jioni ulinipigia, si kujisifu, la, kunicheka tu. "Vipindi vya jua," ulisema, ukiiga sauti yangu. "Mutoto ya Cimpunda iko nasema kama batu ya Tanzania." Nilijifanya nimekasirika. Nilikuwa nasubiri simu ile kuliko chakula.

Ulikuwa fundi wa kujenga miaka arobaini, na fundi anayemwaga zege bila kutazama juu hujenga mara mbili. Unakumbuka siku uliponipeleka mtaa wa Muhumba, kwenye nyumba ya yule bwana mwenye suti? Nilikuwa na miaka kumi. Jua lilikuwa linawaka, mchanga na simenti viko tayari, wafanyakazi wameshika makoleo, na wewe umesimama unatazama mlima. Ulikataa waanze. Bwana alikuita mvivu mbele yangu. Ulinipa tu ncha moja ya hema la plastiki nikushikie. Haikupita robo saa, mvua ya mawe ikashuka, na bwana na suti yake akaja kujibanza nasi chini ya plastiki. Nilikutazama kwa fahari ambayo sijawahi kumwonea mtu mwingine.

Na kule Cimpunda, safu yenu nzima ya nyumba ilikutegemea hivyo hivyo. Hakuna aliyepanga, ilizoeleka tu. Msimu wa mvua, mawingu yakikusanyika, akina mama walisimama mlangoni wakiangalia utafanya nini. Ukichukua kiti chako na kuanza kupanda ngazi za udongo kwenda sala ya kanisa, ule ukumbi wa kule juu, wote walibeba watoto na magodoro wakakufuata, kilima kisije kikawaporomokea. Ukibaki, walibaki. Mvua ikikatika, mlishuka pamoja.

Ndiyo maana Jumapili ile niliongea vibaya. Nilikuja na sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, nikapika bugali, na kabla hatujanawa mikono nikaanza tena habari ya kuhama. Nilikuwa nimeona ufa kwenye ukuta wako wa nyuma, ule unaoshikilia kilima. Nilikwambia uje ukae kwangu, au uende Luberizi kwa tonton, ndugu yako, kwenye mpunga wake, ambako hakuna kilima cha kumwangukia mtu.

"Luberizi ni joto na mbu," ulisema. "Na huu ukuta niliujenga na hii mikono."

"Mikono hiyo imezeeka, Papa."

Ulitazama mikono yako. Niliona neno lile lilivyokuingia, na badala ya kurudi nyuma nikaongeza kwamba unajiona unaijua mbingu kumbe unabahatisha kama sisi wote. Nilisema hivyo, mimi niliyekuwa nakula mkate kwa macho yako. Nilichukua kitenge changu nikaondoka, chakula kikabaki mezani.

Jumatatu sikupiga simu. Jumanne sikupiga. Nilisoma karatasi yao kama ilivyo, na bahati mbaya siku hizo mbili ilikuwa sahihi, nikajiambia unaona, kazi inaendelea. Jumatano nilishika simu saa tano na nusu nikaiweka tena. Nilitaka wewe ndiye uanze. Hiyo ndiyo sababu yote, Papa, hakuna nyingine. Nilikuwa nanuna.

Karatasi ya Jumatano ilisema jua asubuhi hadi mchana, na mstari wa pili ulisema mvua kubwa inawezekana sehemu za milima. Unajua utaratibu wetu: kwanza habari, kisha matangazo ya vifo, na hali ya hewa inapewa dakika inayobaki. Siku ile matangazo yalikuwa mengi, kila familia imetaja wajukuu wote na mahali pa matanga. Fundi mitambo alinionyesha vidole kupitia kioo: sekunde kumi. Nikasoma mstari wa kwanza. "Bukavu na viunga vyake, jua." Nikafunga. Mstari wa pili ulibaki mkononi mwangu.

Yaliyofuata nimeyajua kwa jirani yako, Mama Nsimire. Alikuwa mlangoni na kikapu chake, anakwenda sokoni, watoto wake wako shule. Redio yako ilikuwa dirishani. Anasema uliposikia sauti yangu ulicheka kidogo, ukatoka nje, ukatazama upande wa Kahuzi. Kulikuwa na wingu, naye aliliona. Akakuuliza kama mtapanda.

"Mutoto yangu amesema jua," ulimjibu. "Akisema jua, ni jua."

Ukatoa godoro lako ukalianika kwenye ukuta. Wiki tatu nzima hukuwa umethubutu kulitoa. Mama Nsimire akakuacha hapo, unalipigapiga kwa fimbo, unapiga mluzi.

Saa tisa mvua ilishuka yote kwa pamoja. Walikuona unakimbia na godoro kichwani kuliingiza chumba cha nyuma. Ukuta haukungoja utoke. Waliochimba kukutafuta ni wale wale waliokuwa wanapanda na wewe, na safari hii hakuna aliyepanda kwa sababu hukupanda. Kilima kilichukua nyumba yako peke yake. Watu wanasema ni neema, na ni kweli ni neema, ila naisikia meno yakiwa yamekazana.

Kesho yake mwenzangu alisoma tangazo lako, jina lako lote na sisi watoto kwa mpangilio. Baada yake akasoma hali ya hewa.

Papa, uliliona wingu. Hicho ndicho nisichokiweza. Ungekosea mwenyewe ningelia kama wanavyolia watu. Lakini macho yako yalikuambia moja, nami nikakuambia lingine, ukachagua langu. Nadhani ulitaka kupatana nami. Ulikuwa na njia yako ya kusema yaishe, nayo ilikuwa kuniamini hadharani, mbele ya jirani, siku ambayo sikustahili. Nisamehe. Nimeandika neno hili mara nyingi kwenye karatasi nyingine na kila mara linaonekana dogo.

Miezi minne sikuingia studio. Kisha nikarudi, kwa sharti moja: hali ya hewa isomwe kabla ya matangazo ya vifo. Direkta alinung'unika, akakubali. Kila saa tano na nusu sasa nampigia Mama Nsimire. Hana jicho lako. Ananiambia "iko kama inakuja, iko kama haiji," nami namshukuru.

Jumatatu iliyopita aliniambia kuna giza Kahuzi. Karatasi ilisema jua. Niliwasha kipaza sauti nikasema, bila vipindi wala uwezekano, watu wa Cimpunda mupande, mupande sasa, musinisubiri niseme tena. Nilisema hivyo hivyo, kwa Kiswahili chetu. Wakapanda. Safu nzima ilipanda, wazee, wajawazito, mtu na mbuzi wake. Wakakaa kwenye sala ya kanisa hadi saa kumi na moja, na halikuanguka tone. Jua liliwaka mchana kutwa.

Nilipofika jioni walikuwa wanashuka, wamenuna. Mama mmoja aliniambia nimemuunguzia maharage motoni bure. Mwingine akauliza kama nimeanza kunywa. Vijana walinipigia miluzi. Nilisimama kando ya njia nikawaangalia wakipita mmoja mmoja, wote wazima, wote na hasira na mimi, nikafurahi kuliko siku yoyote ya mwaka huu. Niliendelea kuwaangalia hadi wa mwisho alipopita na njia ikabaki tupu, na hapo ndipo nikajua nilikuwa nasubiri nani.

Lala salama, Papa.

Ni mimi, binti yako wa kwanza