Mluzi Kwenye Mapanga ya Feni

Jumatatu, 4 Machi 1974
Asubuhi nimekwangua barafu tena. Natumia mwiko wa nyumbani, maana kisu kinachuna bati. Feni ya chumba cha baridi, hapa bohari ya dawa, imeganda mapanga yote matatu. Ni mvua hizi. Kila nikifungua mlango, unyevu unaingia na kugeuka barafu. Ndani kuna dawa ya chanjo ya surua, maboksi mpaka kifuani. Gari haliwezi kufika kijiji kipya kilicho mbele ya Ntalikwa. Tope tupu. Tunasubiri.

Mama Zuhura ameulizia mwiko wake.

Zuhura wetu angetimiza miaka saba mwezi huu. Surua, mwaka juzi. Chanjo ilifika mtaani kwetu Chemchem baada ya sisi kuzika. Basi.

Jumatano, 6 Machi
Nimepinda panga moja. Barafu ilikuwa ngumu, nikagonga badala ya kukwangua. Sasa feni inayumba, inalia, ikishika barafu kidogo tu inasimama. Sista Leokadia, muuguzi wetu mkuu, amekuja kutazama kipimajoto. Joto limeanza kupanda. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kuzima mashine ili barafu iyeyuke haiwezekani. Dawa itaharibika kabla ya feni kukauka. Fundi wake yuko Dar es Salaam, na reli imekatwa na maji. Halafu Sista akasema kule kijijini surua imeshaingia.

Naogopa. Sijala.

Alhamisi, 7 Machi
Leo jambo la ajabu. Mwenyekiti wa kata alikuwa na mkutano uwanjani, nyuma ya bohari yetu. Watu wake walifunga kipaza sauti kwenye chuma kinachotokeza ukutani. Feni yangu imening'inia kwenye chuma hicho hicho, upande wa ndani. Nilikuwa humo, nimejifunika blanketi, mwiko mkononi. Hotuba ikaendelea, barafu haikutikisika. Kisha kipaza sauti kikapiga ule mluzi wake mwembamba, watu wakapiga kelele nje. Barafu ikapasuka. Ikadondoka vipande vipande kama vigae, kwenye panga lililopinda na yale mazima. Feni ikazunguka.

Nilikimbia nje na blanketi langu. Mwenyekiti, mzee mnene mcheshi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hotuba yangu haikuangusha hata kipande?"

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Ni ule mluzi."

"Saa nzima nasema, kumbe kazi imefanywa nilipokatizwa!"

Watu wakacheka. Yeye akacheka zaidi. Ametuachia kipaza sauti. Mkutano wa Jumamosi atatumia koo lake.

Ijumaa, 8 Machi
Rajabu, fundi wa redio wa mtaani kwetu, ameshinda nami. Amefungua tarumbeta la kipaza sauti, akabaki na kile kitako kinachotetemeka, akakikaza kwenye chuma cha feni. Mara ya kwanza mluzi ulitutoa machozi. Sista alikuja mbio.

"Rajabu, nina wagonjwa huku!"

"Samahani, Sista. Naupandisha usikupate."

Akaupandisha kidogo kidogo mpaka masikio yetu yakaukosa. Nilidhani umezimika. Mbwa waliokuwa wamelala kivulini wakainuka wote, wakaondoka kwa hasira. Nikaweka kidole kwenye chuma. Kinawasha, kama mguu uliokufa ganzi. Barafu ikaachia.

Joto linashuka. Nimekula.

Jumamosi, 9 Machi
Hakuna mvua. Tunawasha kitako kila barafu inapoanza kushika. Mwenyekiti amepiga kelele uwanjani mpaka sauti ikamkauka. Nimempelekea chai ya tangawizi.

Jumatatu, 11 Machi
Jua tangu jana. Dereva amekagua njia, anasema kesho tunapita. Vipande vinavyodondoka nimevijaza kwenye makasha ya safari. Barafu niliyoilaani wiki nzima ndiyo itakayosindikiza dawa.

Sista anataka niende nao. Nimekubali. Nilikuwa nikikataa safari zenye watoto.

Jumanne, 12 Machi
Tumefika, ingawa tulisukuma gari mara kadhaa. Dawa nzima, baridi. Rajabu alikuwa amerudisha tarumbeta kwenye kitako chake, tukalitumia kuita akina mama. Likapiga mluzi. Watoto wote wakaziba masikio, wakacheka. Binti mmoja aliziba kwa vidole vya shahada, viwiko juu, macho yamefumbwa. Zuhura alifanya hivyo hivyo treni ikipiga honi stesheni.

Nilimshika mkono alipochomwa. Alilia kidogo, akaniomba kipande cha barafu. Nikampa.

Nimerudi jioni na mwiko. Nikamsimulia Mama Zuhura. Akauliza yule binti ana umri gani. Nikasema, saba hivi.

Akauosha mwiko. Akasonga ugali.