Mkeka Mtupu Mbele ya Jiwe

Da Mwana, shikamoo yako naituma kutoka Parramatta, Sydney, penye baridi ya kugonganisha meno. Nimevaa soksi mbili mbili.

Jana nilikwenda kwa jirani wa mwanangu, bibi wa Kihindu mzaliwa wa kwetu Tanga, Kiswahili chake bado kitamu. Nikamkuta anasaga dengu kwa jiwe la mkono, na mbele yake mkeka mtupu. Unanijua, siwezi kumtazama mwanamke anafanya kazi peke yake. Nikaketi, nikashika mpini. Bibi akaganda.

"Hapo ni pa Mungu," akasema.

Kumbe zamani kwao India alikuwako mjakazi aliyetunga mashairi ya kumpenda Mungu huku akisaga unga wa mabwana zake. Hakuwa na mume wala mtoto, na kila alipochoka, Mungu mwenyewe alikuja kukaa mbele yake, wakasaga pamoja. Ndiyo maana bibi huyu humwekea mkeka.

Nikainuka mbio kwa haya. Akanivuta mtandio. "Kaa, mwenzangu. Tangu afariki mume wangu nasaga peke yangu nikimngoja. Leo amekuleta wewe."

Tukasaga mpaka dengu zikaisha, yeye akiimba, mimi nikifuta machozi.

Da Mwana, uliniambia utaugawa mchi wa mama kwa kuwa huna wa kutwanga naye. Usiugawe. Uegemeze hapo hapo kwenye kinu, na Mungu akupe mkono mwepesi mpaka nije niushike.

Mdogo wako,
Zuhura