Wifi Anataka Nivue Akala za Marehemu

Ruiru, 14 Agosti 2024

Mpendwa mshauri Wangechi,

Naomba msaada wako, na naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu, kwa maana hapa nyumbani nimekwisha kuhukumiwa. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na miwili, mume wangu Barasa alifariki Novemba iliyopita, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja huko Thika, na tarehe tano mwezi huu nilipasuliwa mguu wa kulia, si upasuaji mkubwa, ni kile kinundu cha mfupa kando ya kidole gumba ambacho kimenitesa miaka kumi, nikarudi nyumbani jioni ile ile na bandeji nene kama mkate na maagizo kwamba nilale mguu ukiwa juu ya mto, niinuke tu kwenda chooni, na nikiinuka nivae kitu kipana chenye soli ngumu.

Hakuna kiatu changu hata kimoja kilichoingia. Zilizoingia ni akala za Barasa, alizokatiwa kwa tairi la lori pale Githurai 45. Alikuwa akizivaa Jumapili akimwagilia sukuma wiki yetu tuliyoipanda kwenye gunia, na kabla ya kuingia ndani alizigonga ukutani mara mbili kutoa matope, hata siku ambazo hazikuwa na matope.

Sasa niungame. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa watu wake baada ya matanga, nasi tuligawa, koti likaenda kwa kaka yake Wekesa, mashati kwa wapwa zake, gambuti kwa jirani aliyechimba kaburi, lakini akala nilizificha ndani ya ndoo ya unga nikasema zimepotea, na mpaka leo sijajuta.

Aliyekuja kuniuguza ni wifi yangu Nafula, mulamwa kama tunavyoitana kwao, ametoka Bungoma, na sitamsema vibaya, ananipikia, ananiogesha, ananiwekea mto vizuri kuliko nesi. Lakini siku ya tatu alinikuta natoka chooni.

"Bridget, hizo si za kaka yangu?"

"Ni zake."

"Si ulisema zimepotea?"

"Zimepatikana."

"Kiatu cha maiti kwenye mguu wa mgonjwa! Unataka kumfuata?"

"Nikimfuata, mulamwa, angalau nitafika nimevaa."

Tangu siku hiyo hacheki nami. Anasema marehemu ataushika huo mguu na hautapona, na kwamba Wekesa akija Jumamosi ya mwisho ya mwezi atazichukua, na nikikataa yeye anapanda basi arudi kwao nijipikie. Basi Jumatatu, ili aone kwamba sijashikwa na mtu, nilizivaa nikashuka ngazi za ghorofa mbili mpaka dukani, nikanunua kiberiti, nikapanda tena, naye amesimama juu kwenye baraza ananitazama. Jioni bandeji ilikuwa imelowa na mguu unawaka moto. Akasema, "Si nilikuambia?"

Mimi sitaki kuzivua, mshauri. Nimetoa kila kitu walichoomba, na hizi sitoi. Lakini nikiwa peke yangu naanza kuogopa kwamba labda Nafula anasema kweli, na akiondoka sina mwingine. Nifanye nini?

Unikumbuke katika sala zako.

Bridget, Ruiru

*

Bridget,

Pole kwa Barasa, na pole kwa mguu. Sasa nisikilize nawe hadi mwisho.

Ngazi za ghorofa mbili, siku saba baada ya kupasuliwa, kwa ajili ya kiberiti! Na habari hiyo umeichomeka katikati ya barua kana kwamba ni jambo dogo. Hakuna marehemu aliyeushika mguu wako. Umeufungua mwenyewe, kwa ubishi. Leo hii unaposoma haya, usingoje kesho, chukua teksi urudi kwa daktari aliyekupasua. Mguu unaowaka moto si wa kuombewa tu. Mwambie ulitembea, usimfiche. Beba hizo akala umwonyeshe. Akisema ni kubwa mno zitakuangusha, atakupa kiatu cha wagonjwa wa bandeji, nazo zitakaa kando ya kitanda chako. Kwa Wekesa haziendi.

Ndiyo, haziendi. Ulidanganya, na sikulazimishi ujute, lakini usimngoje aje akuulize. Akiingia tu mwambie, "Nilizificha mimi, na ninazitaka." Koti analo yeye, mashati wanayo wapwa. Mjane aliyebakiwa na akala hajamwibia mtu. Wakikataa, nawe kataa, kwa adabu, ukiwa umelala.

Ila kuna mtu umemsahau. Umenitajia koti, mashati na gambuti, na sikuona mahali dada wa marehemu alipopata hata leso. Mwanamke huyu alimzika kaka yake, akaja kutoka Bungoma kumwogesha mke wake, kisha akakuta mguuni mwako kitu alichoambiwa kimepotea. Naye ulimjibu kwa mzaha. Nilicheka, sikatai, lakini mimi sikufiwa. Hasira yake ina huzuni ndani yake, na wewe kati ya watu wote ungeijua.

Mwombe msamaha kwa ule uongo, leo kabla ya chakula. Muulize anakumbuka nini juu ya kaka yake alipokuwa mdogo. Kisha nyamaza, umwache aseme mpaka achoke. Na umtafutie kitu cha Barasa, hata kama ni picha, akiweke kwake.

Akiondoka hata baada ya hayo, waite akina mama wa kanisa lenu, wape ufunguo, na ukubali uji wao hata ukiwa mwepesi.

Akala zivae, Bridget. Lakini kwa sasa zivae ukiwa umekaa.